Umenunua Wapi Hivyo Vitunguu?

Kuna mtaalamu wa fedha anayependa kuongea redioni asubuhi, saa zile matatu ya Kikuyu imekwama Westlands na dereva hana la kufanya ila kuongeza sauti. Kazi yake ni kutufundisha kununua chakula. Andikeni orodha kabla ya kutoka nyumbani, anasema. Linganisheni bei. Nunueni kwa jumla, vitu vya mwezi mzima mara moja. Na kamwe msiingie supamaketi mkiwa na njaa. Hapo gari zima likacheka, hata makanga aliyening'inia mlangoni. Kwani sisi hupelekwa dukani na nini kingine?

Hatumkatai. Maneno yake ni ya kweli kwa mtu ambaye pesa zake huja mara moja kwa mwezi na zikifika hukaa. Zetu huja kivyake. Yule wa kufua nguo Lavington au Kileleshwa hulipwa akishaanika, akiwa na bahati. Wa mjengo hungoja Jumamosi, na kuna Jumamosi ambazo fundi mkuu huzima simu. Wa bodaboda hajui leo ilikuwa siku ya aina gani mpaka saa mbili usiku, akishatoa ya mafuta na ya mwenye pikipiki. Nasi tulioajiriwa, tunaoonewa wivu kwa sababu ya karatasi ya mshahara, hiyo karatasi tunaisoma kutoka juu kwenda chini tukiona pesa zinavyoyeyuka kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ulianza 2023. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, Oktoba 2024. Akiba ya uzeeni ya NSSF nayo kila Februari hupanda ngazi nyingine. Mshahara wenyewe ndio haujasikia habari hizi.

Kwa hiyo swali la kununua wapi hatuulizani mwisho wa mwezi. Tunaulizana kila jioni, kwa simu, na huwa ni maneno mawili tu: "Unapitia wapi?" Mwenye kupiga hasemi kama hakuna unga. Hasemi gesi inalia au mtoto amerudi na barua ya shule. Anataka tu kujua miguu yako itakanyaga wapi kabla ya kufika nyumbani, kwa maana hapo ndipo chakula kitatoka. Kama ulikuwa mjini, basi soko la Muthurwa au la Marikiti. Kama unabadilisha gari Westlands, supamaketi. Kama umeshashuka Kangemi, au uko kwenye 46 inakaribia Kawangware, basi mambo yamekwisha, ni kibanda.

Watu wasioishi huku husema Marikiti ndiko kwa bei nafuu, na hawadanganyi. Wakulima ndilo jina la kwenye karatasi za kaunti. Sisi soko hilo la Barabara ya Haile Selassie hatujawahi kuliita hivyo. Lori za Kinangop huingia na kabichi na waru, yaani viazi, za Mwea na Loitokitok na nyanya, vitunguu vikija kutoka Tanzania kupitia Namanga, na mtu akifika alfajiri, kabla bidhaa hazijapita mikono mitatu, atapata bei ambayo huku kwetu ni hadithi. Lakini mjue mnachokwenda kukutana nacho. Matope ya Marikiti si matope ya mvua. Ni majani ya kabichi yaliyosagwa na miguu na magurudumu miaka nenda miaka rudi, na hata Januari, kukiwa kukavu kila mahali, viatu vinazama. Mwenye mkokoteni anakuja kwa mteremko na mzigo mrefu kuliko yeye, hana breki, anapaza sauti "kando! kando!" na ukichelewa kuruka shauri yako. Huko hakuna nusu kilo. Kuna gunia, kreti, na neti.

Tulijaribu, tusionekane wavivu. Nyumba nne za ploti moja, Kangemi, tulichanga tukatuma wawili wakanunue gunia la waru. Sheria iko tangu 2019: gunia la waru lisizidi kilo 50, mkulima asipunjwe kwa ile lumbesa iliyoshonewa kofia juu hadi gunia linafanana na mtu aliyevaa kilemba. Sheria nzuri. Gunia tulilouziwa lilikuwa na kilemba, na kwa mara ya kwanza maishani tulifurahia dhambi ya mtu mwingine. Kisha hesabu zikaanza. Mia moja ya mkokoteni mpaka stejini. Stejini makanga akaliangalia gunia kama anayepima mchumba, akasema hilo ni abiria wawili. Tukalipa viti viwili, tukakaa tumelikumbatia mpaka Kangemi.

Uani tukatandika gunia tupu na kumwaga. Kupima tulipima kwa mkebe wa kasuku, ule wa mafuta ya kupikia wa zamani ambao bado ndio mizani ya nusu ya Nairobi. Ugomvi ukazuka kuhusu kilima. Mkebe uliojaa ni upi, uliosawazishwa kwa mkono au wenye kilima juu? Sokoni mnunuzi hudai kilima na muuzaji hudai usawa, lakini hapo sote tulikuwa wanunuzi na sote wauzaji, na mama wa nyumba ya pili alishika mkebe dakika nzima akipanga waru moja baada ya nyingine kama anayejenga ukuta wa mawe. Chini ya gunia tukakuta zilizokatwa na jembe, na zile za kijani ambazo hata kuku hazitaki. Tukigawanya gharama zote, tulikuwa tumeokoa shilingi kama arobaini kwa kila nyumba, ukisahau asubuhi nzima ya watu wawili. Halafu kila mmoja wetu, mwenye chumba kimoja cha mabati, akatafuta mahali pa kuweka waru. Chini ya kitanda. Baada ya siku kumi zilikuwa zimeota.

Mtaalamu wa redio hajawahi kutaja kitanda.

Basi supamaketi, ambako kuna mwanga, sakafu kavu na bei iliyoandikwa. Zamani supamaketi ilikuwa ya kwenda Desemba, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Sasa ziko mpaka kando ya steji, na tuseme kweli: kwa sukari, unga, mafuta ya chupa na sabuni ya kufulia, mara nyingi wanalishinda duka la mtaani. Tatizo letu nao ni mapenzi yaliyokwisha kutuumiza. Uchumi ilianzishwa 1975 na serikali yenyewe ili bidhaa za lazima zimfikie mwananchi kwa bei anayoiweza. 2006 milango ikafungwa, ikafunguliwa tena, ikayumba tena. Nakumatt, ambayo jina lake lilitokana na magodoro ya Nakuru, ilikuwa na matawi mpaka Uganda, Rwanda na Tanzania, na kufikia 2020 wadai wake walikuwa wamepiga kura ivunjwe. Tuskys nayo, mtoto wa Nakuru vilevile, ikafuata njia hiyohiyo. Hata Naivas inayosimama leo chimbuko lake ni Rongai, Nakuru, 1990. Sijui maji ya huko yana nini. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja 2018 ikaondoka kabla hatujajua maziwa yake yako upande gani. Carrefour iliingia 2016 pale The Hub, Karen, ikasambaa.

Kwa hiyo tumekuwa madaktari. Dalili za supamaketi inayougua tunazijua kabla ya magazeti. Kwanza mkate wa saa tisa haupo. Halafu maziwa yanakuja ya kampuni moja tu. Halafu rafu inajazwa mstari mmoja wa mbele, chupa ishirini za siki zimesimama kama gwaride, na nyuma yake hakuna kitu, ukiingiza mkono unagusa ukuta. Ukiona siki imepangwa hivyo, tumia pointi zako zote siku hiyohiyo. Mmoja wetu alikuwa ameweka pointi miaka mitatu anangojea blenda, duka likazama, na ile kadi mpaka leo huitumia kukwangua barafu kwenye friji ya mwajiri wake.

Malalamiko mengine ni madogo na ndiyo yanayotuchosha zaidi. Rafu inasema 128, keshia anasema 139, nyuma yako kuna watu kumi na wawili wanaotaka kuwahi magari kabla ya mvua. Utabisha kwa ajili ya shilingi kumi na moja? Kuna mama mmoja wa Uthiru hubisha. Husimama wima, akaomba aitiwe msimamizi, foleni ikalia, naye hatikisiki. Tunamwona wa kutuchelewesha, kisha tukifika nyumbani tunatamani tungekuwa yeye. Au mfuko: tangu Agosti 2017 karatasi za plastiki zilipopigwa marufuku, na marufuku hiyo tuliiunga mkono kwa moyo wote, kila ukisahau kiondo unanunua mfuko mwingine. Nyumba zetu zimejaa mifuko ya kubebea vitu ambavyo hatukuvinunua. Au ofa: nunua mbili upate ya tatu kwa nusu bei. Tunayo ya moja. Ofa za Nairobi ni zawadi kwa mtu aliyekwisha kuwa nazo.

Hapo ndipo kadogo inapotushika. Noti ya mia tano, ambayo mtaani bado huitwa jirongo kwa kumbukumbu ya kampeni za 1992 na mwanasiasa aliyesemwa kuzimwaga, enzi zile ilijaza kikapu; leo ikivunjwa haifiki jioni. Kwa hiyo tunanunua vitu kwa vipande. Sukari ya kupima. Majani ya chai ya shilingi kumi. Maziwa ya mashine, yale ya kuingiza pesa yakatiririka kwenye chupa yako, ya ishirini au ya thelathini. Mafuta ya kupima. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwahi kununua mafuta ya kupima. Jirani yetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alitaka kuthibitisha. Kila jioni alinunua pima ya shilingi ishirini akaimimina kwenye chupa ya soda ya nusu lita, na kwake wakala vya kuchemsha. Siku ya tisa chupa ilikuwa bado haijafika shingoni. Shilingi mia na themanini kwa nusu lita isiyotimia, na wiki hiyohiyo lita nzima supamaketi ilikuwa mia tatu na kumi. Akatuchorea ubaoni, kwenye ukuta wa choo cha ploti, kwa chaki: maskini analipa zaidi. Tukamwuliza kama ana mia tatu na kumi za kutukopesha. Hana. Kesho yake tulimwona pale dukani, chupa mkononi, ya ishirini.

Serikali hutukumbuka, tusiikosee adabu. Kila uchaguzi ukikaribia, unga hushuka. Mwaka 2017 pakiti ya kilo mbili iliwekwa shilingi 90. Julai 2022, pakiti ikiwa imepita mia mbili, ikatangazwa 100, wiki chache kabla ya kura ya Agosti. Tulipanga foleni, na wengi wetu unga huo tulikutana nao kwenye taarifa ya habari tu. Rafu zilikuwa na nembo ya bei na nafasi ya pakiti. Kura zikapigwa, bei ikarudi kwake. Iko hata sheria ya kudhibiti bei za bidhaa za lazima, ya 2011. Mtu akiiona ikitembea Kawangware atuambie. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate wenyewe utozwe VAT ya asilimia 16. Kipengele hicho kiliondolewa Juni 18, na wiki moja baadaye vijana walioandamana walikuwa wamefika Bungeni, na wengine hawakurudi makwao. Tangu hapo mtu akisema habari ya bei ya mkate ni nyepesi, huwa hatumjibu.

Ukikosa pakiti kuna njia ya posho: unanunua mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, unapeleka kusaga, unabaki na unga mzito wenye harufu ya shamba ambao watoto wa Nairobi huulalamikia rangi. Ni bei nafuu na unashibisha. Machi 2021 tuliambiwa mahindi ya Uganda na Tanzania yana sumu kuvu, yamezuiwa mpakani, na siku chache baadaye tukaambiwa sasa yanaweza kuingia kwa masharti. Katikati ya hizo siku tulikwenda sokoni kuuliza. Kila gorogoro ilikuwa ya Kitale. Mahindi yote ya Kawangware yalikuwa yamepata uraia usiku mmoja.

Sasa kibanda. Ukiweka bei kwenye karatasi, mama mboga ndiye ghali kuliko wote. Nyanya zake tatu ishirini, ndogo, moja ina jeraha. Hata hivyo ndiye tunayemalizia kwake karibu kila siku, na si kwa sababu hatujui hesabu. Tazameni mikono yake. Anakunja majani ya sukuma mpaka yawe kama sigara nene, anayabana chini ya kiganja, kisu kinakwenda chapuchapu bila yeye kukiangalia, maana macho yako barabarani yanahesabu wanaoshuka garini. Ukifika nyumbani ni kutia sufuriani tu, na mtu aliyesimama kwenye gari kutoka mjini mpaka Kangemi hiyo robo saa anaijua thamani yake. Anauza nusu kabichi, robo kabichi, kitunguu kimoja. Vitunguu vikipanda, anakikata kitunguu nusu, kila nusu na bei yake. Hakuna supamaketi itakayokukatia kitunguu.

Na ana kitabu. Daftari la kurasa 32, jalada lilishatoka, limefungwa kwa mpira. Hatumo kwa majina ya kitambulisho. Tumo kama Mwalimu, Ploti ya Bluu, Yule wa Pikipiki, Jirani Mpya, na mmoja ambaye ameandikwa Miwani na hajui. Alama moja ni ishirini. Yeye hatulipishi riba. Simu nayo hukopesha, kweli, hata usiku wa manane, lakini simu hujikata yenyewe mshahara ukiingia, haiulizi kama mtoto amepona. Yeye huuliza kwanza kuhusu mtoto, na ya pili ndiyo habari ya deni. Kwa hiyo tukiulizwa tunachagua vipi pa kununua, jibu la kweli ni kwamba bei tunaziangalia wiki ya kwanza ya mwezi. Zile wiki tatu nyingine tunamtafuta anayeweza kutungoja.

Hilo ndilo lililotufanya tutembee kama wezi jioni ile. Supamaketi moja ya Westlands ilikuwa na ofa ya vitunguu, kilo kwa bei ambayo hatukuwa tumeiona tangu mvua zianze, mwisho kilo mbili kwa mtu. Watatu tulikuwa na pesa taslimu, ajabu yenyewe. Tukanunua. Kushuka Kangemi ndipo tukakumbuka kibanda kiko njiani, na sote watatu tumo kitabuni, na neti ya vitunguu vyekundu haifichiki. Tukazunguka nyuma ya wauza viatu vya mitumba, tukaruka mtaro, mmoja akapoteza ndara, tukatokea upande wa pili tukiwa tumeinamisha vichwa.

"Kastoma!"

Tukasimama.

"Umenunua wapi hivyo vitunguu?"

Tukamwambia. Tukamwambia na bei, kwa sauti ndogo, tukingoja makubwa. Alinyamaza akiwa ameshika kisu. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe asubuhi hiyo, Marikiti, ametolewa zaidi ya hapo, na nauli bado, na kijana wa mkokoteni bado.

"Wanauzia mtu kilo ngapi?"

"Mbili."

Akatuhesabu kwa macho, mmoja, wawili, watatu. Akaingiza mkono chini ya aproni akatoa pesa, akazihesabu mara mbili, akatupa.

Kesho yake tulipitia Westlands. Kilo sita, viganja vimekatwa na neti, makanga akilalamika kwamba tunajaza njia. Akazipokea, akazimwaga kwenye gunia mbele ya nyanya, akavipangusa vitunguu kimoja kimoja kwa leso mpaka vikang'aa. Kisha akatukatia sukuma ya ishirini kila mmoja, akatia dhania bila kuombwa. Mmoja wetu aliomba na kitunguu. Akakichukua kutoka kwenye lile rundo tulilolibeba wenyewe, akakiweka kwenye ubao, akakikata katikati, akatoa nusu.

"Kumi," akasema, akivuta daftari. "Niandike?"